Pikapu ya ‘tani moja’: hesabu inayosahauliwa kabla ya kupakia

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayetafuta pikapu kwa ajili ya duka la vifaa vya ujenzi au biashara ya nafaka kwa kawaida huuliza mambo matatu: bei ya gari, ulaji wake wa mafuta na upatikanaji wa vipuri. Swali la nne huulizwa mara chache, ingawa ndilo linaloamua kama gari hilo litamlipa mwenyewe au litamla mtaji. Swali hilo ni hili: bodi ya nyuma ibebe kilo ngapi?

Jibu la mtaani ni fupi. Pikapu ni “tani moja”, na tani moja ni mifuko 20 ya saruji. Wakati wa kupakia, hata jibu hilo huwekwa kando. Kinachotazamwa ni nafasi iliyobaki katika bodi na namna springi zilivyokaa. Kama nafasi ipo na gari linaondoka, mzigo umekubalika.

Jina la “tani moja” lina historia yake. Hilux ya kwanza iliyotolewa na Toyota nchini Japani mwaka 1968 ilikuwa gari dogo la mizigo la tani moja, na makampuni mengine ya Kijapani yalishindana katika daraja hilohilo. Hapa Tanzania, masharti ya kuingiza magari kutoka nje yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, pikapu zilikuwa miongoni mwa magari yaliyokimbiliwa na watu binafsi wenye biashara. Tangu hapo “tani moja” imekuwa jina la aina ya gari, na wengi wamesahau kwamba awali ilikuwa kipimo, tena kipimo cha gari maalumu lililotoka kiwandani na vifaa maalumu.

Kilo zinavyokwisha kabla ya mzigo kupanda

Kila gari la mizigo lina namba mbili za kuzingatia. Ya kwanza ni uzito wa gari likiwa tupu. Ya pili ni uzito wa jumla unaoruhusiwa, yaani gari, watu, mafuta na mzigo kwa pamoja. Namba hizi hupatikana kwenye kadi ya gari, na ule uzito wa jumla mara nyingi umeandikwa pia kwenye kibati cha mtengenezaji kilichopigiliwa mlangoni, kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo nafasi yote aliyonayo mfanyabiashara.

Chukua mfano wa pikapu ya kawaida yenye uzito wa jumla wa kilo 2,700 na uzito wa kilo 1,600 likiwa tupu. Tofauti ni kilo 1,100. Hapo mwenye gari hufurahi kwamba amepewa tani moja na ziada ya kilo 100. Lakini ndani ya kilo hizo 1,100 kuna dereva na utingo, ambao kwa pamoja ni kama kilo 150. Kuna tangi la lita 70 za dizeli, ambayo ni karibu kilo 60 ikiwa uzito wa gari tupu ulipimwa bila mafuta. Kuna pia keria ya chuma, bampa nzito na vyuma vya kuzuia mzigo vilivyochomelewa baada ya gari kununuliwa. Vyote hivyo havipungui kilo 90.

Jumla ya vitu hivyo ni kilo 300. Kilichobaki kwa ajili ya mzigo ni kilo 800, yaani mifuko 16 ya saruji ya kilo 50. Mifuko minne imekwisha kabla ya mchukuzi wa kwanza kuinamisha bega.

Namba za kila gari ni tofauti. Pikapu yenye viti viwili mara nyingi hubeba zaidi ya ile yenye milango minne ya kabati lilelile, kwa sababu kabati kubwa lina uzito wake na hukaribisha abiria watatu zaidi. Ndiyo maana mtu anayenunua pikapu ya milango minne kwa kuamini kwamba amepata gari la familia na la mzigo kwa bei moja anapaswa kujua kwamba watu watano wa kilo 75 ni kilo 375, na kilo hizo zinatoka katika hesabu ileile ya mzigo.

Kirikuu ni kilo 350

Hali ni mbaya zaidi kwa magari madogo yanayojulikana mitaani kama kirikuu. Mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, katika daraja la magari madogo ambalo tangu mwaka 1990 injini yake haitakiwi kuzidi sentimita za ujazo 660. Sheria ya nchi hiyo inaweka kikomo cha mzigo kwa magari ya daraja hilo kuwa kilo 350.

Mengi ya magari hayo bado yana kibandiko kwenye mlango wa nyuma, chenye herufi za Kijapani na tarakimu zinazosomeka na kila mtu: 350kg. Kilo 350 ni mifuko saba ya saruji, au madumu 17 ya maji ya lita 20. Kwa mchanga wenye unyevu, kiasi hicho kikisambazwa katika bodi nzima ya kirikuu ni kina cha sentimita saba tu. Mwenye kirikuu anayepakia mifuko 15 amezidisha zaidi ya mara mbili ya kile ambacho waliolibuni gari hilo walikikusudia.

Bodi ina nafasi, springi hazina

Chanzo kikubwa cha makosa ni kupima mzigo kwa macho. Bodi ya pikapu ya viti viwili yenye urefu wa mita 2.3, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 40 ina ujazo wa karibu mita 1.4. Ukiijaza magodoro, gari halitafika hata robo ya uwezo wake. Ukiijaza mchanga wenye unyevu, ambao kwa kila mita moja ya ujazo huwa na uzito wa karibu kilo 1,800, umepakia tani mbili na nusu. Hiyo ni mara tatu ya kilo 800 za mfano wetu. Kwa mzigo halali, mchanga huo ungekuwa na kina cha sentimita 13 katika bodi nzima, ambacho ni chini ya shubiri moja.

Vifaa vya ujenzi ndivyo vinavyodanganya zaidi. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa karibu gramu 890 kwa mita, kwa hiyo nondo moja ya mita 12 ni kilo 10.7. Nondo 75 ni kilo 800. Zikilazwa katika bodi huonekana kama fungu dogo lisilostahili safari, na hapo ndipo mteja anapomwambia dereva aongeze 50. Mita moja ya mraba ya vigae vya sakafu huzunguka kilo 20, kwa hiyo vigae vya kutandika vyumba viwili vya mita nne kwa tano vinatosha kumaliza uwezo wa gari, huku zaidi ya nusu ya bodi ikiwa wazi.

Kwa wafanyabiashara wa nafaka na mazao, adui ni lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na kanuni zake haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lakini mzigo shambani huhesabiwa kwa magunia na si kwa kilo. Dereva anayepakia magunia manane akiamini amebeba kilo 800 anaweza kuwa amebeba kilo 1,040 ikiwa kila gunia limeshonewa kilemba na kufika kilo 130. Lumbesa inamwibia mkulima sokoni, na njiani inamwibia mwenye gari.

Mahali mzigo ulipokaa

Kilo zilezile zinaweza kuwa salama au hatari kutegemea zimewekwa wapi. Bodi ya pikapu kwa kawaida huanza mbele kidogo ya ekseli ya nyuma na kuishia nyuma yake. Mzigo mzito unatakiwa kukaa karibu na kabati, mbele ya ekseli hiyo au juu yake, ili magurudumu ya mbele nayo yabebe sehemu.

Mzigo ukisogezwa nyuma, gari hugeuka kuwa mzani wa mkono. Katika pikapu yenye mita tatu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kilo 300 zilizowekwa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma huongeza si kilo 300 bali kilo 400 kwenye ekseli hiyo, na huondoa kilo 100 kwenye ekseli ya mbele. Usukani unakuwa mwepesi, taa za mbele zinamulika juu ya miti, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, zinapoteza mshiko. Nondo na mbao zinazoning’inia nyuma ya bodi hufanya hivyo hivyo. Watu wanaosimama kwenye bampa wakishikilia vyuma nao ni mzigo wa aina hiyohiyo, na wao hawana hata kamba ya kuwafunga.

Matairi yana namba yake

Mafundi wengi watakubali kwamba kitu cha kwanza kushindwa ni tairi. Kila tairi lina namba ya uwezo wa kubeba iliyoandikwa ubavuni. Tairi la ukubwa wa 195R14C, ambalo limetumika sana katika pikapu na mabasi madogo, mara nyingi huwa na namba 106/104. Namba 106 maana yake ni kilo 950 kwa tairi moja, pale ambapo kila upande una tairi moja. 104 ni kilo 900, pale yanapofungwa mawili mawili. Matairi mawili ya nyuma yenye namba 106 kwa pamoja yanabeba kilo 1,900, mradi yawe na upepo uliotakiwa.

Turudi kwenye mfano. Tuseme ekseli ya nyuma inabeba kilo 700 gari likiwa tupu. Ukiongeza kilo 800 za mzigo, na tisa ya kumi ya mzigo huo ikakaa nyuma, ekseli itabeba kilo 1,420. Matairi yana nafasi. Ukipakia mifuko 30, yaani kilo 1,500, ekseli inabeba kilo 2,050. Matairi yamepitwa, hata kama ni mapya.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa matairi yaliyotumika wanapaswa kuliangalia. Herufi C baada ya namba ya ukubwa huonyesha tairi la gari la mizigo. Tairi la gari dogo la abiria linaweza kuingia katika rimu ileile na kuuzwa kwa bei nafuu, lakini namba yake ikiwa 90 uwezo wake ni kilo 600 tu. Mawili ni kilo 1,200. Kwa matairi hayo hata ile mifuko 16 halali imezidi. Tairi lililopitwa na uzito, au lenye upepo pungufu, hujikunja kila linapozunguka na kupata joto. Joto hilo likikutana na lami ya mchana, tairi hupasuka likiwa katika mwendo.

Kuongeza springi si kuongeza uwezo

Dawa inayotolewa na gereji nyingi kwa pikapu inayolala nyuma ni kuongeza jani moja au mawili katika springi. Gari husimama vizuri na mwenye gari huridhika. Lakini kilichobadilika ni urefu wa gari kutoka ardhini. Ekseli, beringi, matairi, breki, klachi na chasisi ni vilevile vilivyotoka kiwandani, na uzito wa jumla ulioandikwa kwenye kadi haujabadilika.

Hatari zaidi imejificha kwenye breki. Pikapu nyingi za Kijapani zina kifaa kidogo chini ya bodi, chenye mkono uliounganishwa na ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kusoma namna bodi ilivyoshuka: bodi ikishuka, kifaa kinajua kuna mzigo na kuruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma, bodi ikiwa juu, kinapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Springi zikiongezwa majani, bodi haishuki tena kama zamani. Kifaa kinasoma kwamba gari ni tupu, na kinapunguza breki za nyuma wakati bodi imebeba tani moja na nusu.

Matokeo yake huonekana kwenye miteremko mirefu kama Kitonga mkoani Iringa na Sekenke mkoani Singida. Uzito ukiongezeka, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza ili kusimamisha gari katika mwendo uleule huongezeka kwa kiwango hicho hicho. Breki zikipata joto kupita kiasi hupoteza mshiko, na dereva hugundua jambo hilo akiwa katikati ya mteremko. Anayetumia gia ndogo tangu juu ana nafasi. Anayetegemea breki peke yake, akiwa na mzigo uliozidi, amebaki na bahati.

Mizani ya barabarani haimsaidii

Baadhi ya wenye pikapu hudhani kwamba kama mzigo ungekuwa na tatizo, mizani ya barabara kuu ingewazuia. Hiyo si kazi ya mizani hiyo kwao. Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inalenga kulinda barabara dhidi ya magari makubwa, na inayahusu magari ya kuanzia uzito wa kilo 3,500.

Pikapu ya mfano wetu ikiwa na mifuko 30 ina uzito wa kilo 3,400: kilo 1,600 za gari, 300 za watu, mafuta na vyuma, na 1,500 za saruji. Imepita uwezo wake kwa kilo 700, lakini bado haijafika kiwango ambacho mizani inakishughulikia. Askari wa usalama barabarani anaweza kuisimamisha kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, lakini asipokuwepo, hakuna anayeipima. Mwenye gari ndiye mizani pekee.

Kuna pia suala la bima. Mikataba mingi ya bima kubwa ina sharti kwamba gari litumike ndani ya uwezo wake. Ajali ikitokea na ikabainika kwamba mzigo ulizidi, kampuni ya bima ina hoja ya kukataa au kupunguza malipo. Mfanyabiashara mwenye mkopo wa gari hilo atabaki na deni, huku gari likiwa chuma chakavu.

Je, kuzidisha kunalipa?

Haitoshi kumwambia mfanyabiashara kwamba kuzidisha ni hatari. Anazidisha kwa sababu anaona faida, na faida hiyo inaweza kuhesabiwa. Bei zinazofuata ni za mfano tu. Kila msomaji aweke za kwake.

Tuseme duka linataka kusafirisha mifuko 720 ya saruji kutoka Wazo Hill hadi Bagamoyo. Pikapu yenye mzigo halali wa mifuko 16 inatumia lita 10 kwenda na kurudi. Ikiwa na mifuko 30 inatumia lita 12. Lita moja ni Sh 3,000.

Kwa mzigo halali zitahitajika safari 45, na mafuta yatagharimu Sh 1,350,000, ambayo ni Sh 1,875 kwa mfuko. Kwa mifuko 30 zitahitajika safari 24, na mafuta ni Sh 864,000, sawa na Sh 1,200 kwa mfuko. Kuzidisha kumeokoa Sh 486,000. Hiyo ndiyo fedha inayoonekana mkononi, na ndiyo inayomshawishi mwenye duka.

Lakini liko chaguo la tatu ambalo mara nyingi halihesabiwi. Canter ya tani tatu na nusu hubeba mifuko 70. Ikikodiwa kwa Sh 90,000 kwa safari, mifuko 720 itahitaji safari 11, jumla Sh 990,000, sawa na Sh 1,375 kwa mfuko. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya pikapu iliyopakiwa kihalali kwa Sh 360,000, na inaipita ile ya pikapu iliyozidishwa kwa Sh 126,000 tu, yaani Sh 175 kwa mfuko.

Swali la biashara basi si kama mifuko 30 inalipa kuliko 16. Swali ni kama Sh 126,000 zinatosha kununua matairi mawili ya nyuma, seti ya springi, klachi na beringi, na kufidia siku ambazo gari litakaa gereji bila kuingiza senti. Aidha, katika hesabu ya pikapu hapa yamewekwa mafuta peke yake. Posho ya dereva na uchakavu havimo, wakati bei ya kukodi Canter imeshabeba vyote hivyo.

Somo lake ni kwamba pikapu si gari la kubeba saruji, nondo na mchanga kwa wingi. Nguvu yake ni kubeba mzigo wa wastani haraka: oda ya mteja mmoja, mboga za alfajiri, vipuri, vinywaji vya maduka ya mtaa. Mzigo mzito wa jumla una gari lake.

Hesabu ya dereva na kilo za mwenye gari

Wawekezaji wadogo wengi hawaendeshi pikapu zao. Humkabidhi dereva na kudai hesabu kila jioni. Hapo ndipo uzidishaji mwingi huzaliwa, mara nyingi bila mwenye gari kujua kwamba yeye ndiye aliyeuagiza.

Tuseme hesabu ni Sh 40,000 kwa siku na mafuta ni juu ya dereva, ambaye anatoza Sh 3,000 kwa mfuko katika njia ile ile. Akibeba mifuko 16 anapata Sh 48,000, anaondoa mafuta Sh 30,000, anabaki na Sh 18,000. Safari mbili ni Sh 36,000. Hajatimiza hesabu, na yeye mwenyewe hajala. Akibeba mifuko 30 anapata Sh 90,000, anaondoa mafuta Sh 36,000, anabaki na Sh 54,000. Kwa safari moja amelipa hesabu na kubakiza Sh 14,000. Safari ya pili yote ni yake.

Dereva huyo si mkaidi. Amepiga hesabu sawasawa, kwa sababu springi zikivunjika hazivunjiki mfukoni mwake. Mwenye gari anayetaka gari lake lidumu ana njia mbili: kushusha hesabu hadi kiwango kinachofikika kwa mzigo halali, au kuacha hesabu na kugawana mapato kwa asilimia, huku matengenezo yakitolewa kabla ya kugawana. Kwa vyovyote vile, idadi ya mifuko iandikwe kwenye makubaliano. Neno “usizidishe” peke yake halina kilo ndani yake.

Kwa anayenunua pikapu iliyotumika

Pikapu iliyozidishiwa mizigo kwa miaka huacha alama, na mnunuzi makini anaweza kuzisoma bila vifaa. Atazame upenyo kati ya kabati na bodi: ukiwa mpana juu kuliko chini, au kinyume chake, chasisi huenda imepinda. Alale chini na kukagua chasisi nyuma ya kabati na pale springi zinapofungwa, akitafuta nyufa, viraka na alama za kuchomelea. Ahesabu majani ya springi za kushoto na kulia na kuona kama yanalingana. Aangalie mipira inayozuia ekseli isigonge chasisi. Ikiwa imepondeka au haipo, ekseli imekuwa ikigonga mara kwa mara. Bei nafuu ya gari la namna hiyo ni deni ambalo muuzaji anamhamishia mnunuzi.

Kwa anayelimiliki tayari, njia ya uhakika ni kulipima. Viwanda, maghala ya nafaka na wanunuzi wa vyuma chakavu wana mizani ya magari, na kwa makubaliano gari linaweza kupimwa likiwa tupu, lenye tangi lililojaa na watu wake. Namba hiyo ikitolewa kwenye uzito wa jumla ulioandikwa kwenye kadi, kinachobaki kiandikwe kwa rangi kwenye mlango wa nyuma, kwa kilo na kwa mifuko, mahali ambapo mteja, mchukuzi na dereva wataiona kabla ya kuanza kupakia.

KWA UFUPI: KILO 800 NI NINI?

Saruji (mfuko wa kilo 50): mifuko 16
Nafaka (gunia la kilo 100 lisilo na lumbesa): magunia 8
Maji (dumu la lita 20): madumu 40
Nondo mm 12 (mita 12): vipande 75
Nondo mm 16 (mita 12): vipande 42
Vigae vya sakafu: karibu mita 40 za mraba
Mchanga wenye unyevu: kina cha sentimita 13 katika bodi ya mita 2.3 kwa 1.5

Kirikuu (kilo 350): mifuko 7 ya saruji, magunia 3 ya nafaka, nondo 32 za mm 12, madumu 17 ya maji.